Kidole cha Shahidi

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uwagawie watoto kabla hawajaanza kugombania stempu. Natumai hujambo, na kwamba Mama anakunywa dawa zake badala ya kuzificha chini ya mto. Mimi sijambo. Mgongo unanisumbua kidogo, lakini ukikaa kutwa ukiandika maneno ya waheshimiwa, mgongo lazima ulalamike.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata kisingizio cha kunyamaza. Soma mpaka mwisho, tafadhali, ukiwa peke yako.

Wiki mbili hizi nimepangiwa Kamati ya Mambo ya Nje. Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, ukacheka niliposema ni kuandika waliyokwisha kuyasema wengine. Basi ndiyo hiyo hiyo. Bunge linaihoji Wizara kuhusu wakimbizi kumi na mmoja waliopelekwa mpakani mwaka jana na kukabidhiwa kwa askari wa nchi waliyoikimbia. Wizara inasema walirudi kwa hiari, na inazo fomu zenye sahihi zao. Tangu siku hiyo hajaonekana hata mmoja.

Mwenyekiti tunamwita Babu Kanuni, kwa kuwa hawezi kuomba glasi ya maji bila kutaja kifungu. Siku tatu za kwanza zilikwenda kwa kubishana kama watu wale “walirudishwa” au “walirejea”. Niliandika yote, kurasa mia na ushee, na sikusinzia zaidi ya mara mbili.

Siku ya nne aliingia shahidi, mama mmoja fundi cherehani ambaye mumewe ni miongoni mwa wale kumi na mmoja. Waandishi wa habari na wapiga picha walitolewa nje kwa usalama wake, ikabaki mashine ya kurekodi sauti tu. Alieleza kwamba alikuwepo mpakani, kwamba fomu zilikuwa tupu watu walipotiwa kalamu mkononi, na kwamba afisa mmoja aliyekusanya kadi zao za ukimbizi aliwaambia wanahamishiwa kambi nyingine. Mbunge mmoja akamwuliza kama anaweza kumtambua afisa huyo. Akanyoosha kidole, akasema ni yule pale. Akaulizwa kama ana hakika, akasema anayo. Wakati huo Babu Kanuni alikuwa ameinamia kikaratasi alicholetewa. Akainua kichwa, akamshukuru shahidi, akasema tuendelee.

Ilimpasa atamke ni nani aliyeonyeshwa, ili mashine ikamate. Hakutamka. Nyuma ya Waziri walikaa maafisa watano, wamebanana kwenye benchi moja, na baadaye kila mbunge alikumbuka wake. Katika ofisi yetu, mashine huchukua sauti, na mwandishi huchukua kilichofanyika bila sauti. Mtu akilia, akitoka nje, akinyoosha kidole, tunaandika ndani ya mabano na kutia herufi za mwanzo za majina yetu pembeni. Meza yangu ilikuwa hatua moja tu kutoka kwa shahidi. Kidole kile nilikifuata mpaka kilipoishia.

Mabano niliyaacha tupu.

Mhariri wetu aliponiuliza, nilimjibu sikuona vizuri. Ni mtu mwema, hakunibana. Kamati ikaanza kuandaa ripoti inayosema afisa aliyehusika hakujulikana, na kwamba suala lifungwe.

Jumatatu shahidi aliitwa kuyasoma maneno yake, maana kila ukurasa lazima autie sahihi. Alisoma taratibu, akifuata mistari kwa kidole kilekile, ncha yake ina alama za sindano. Alipofika pale akauliza kwa adabu kinachofuata kiko wapi. Nikasema mashine haikukamata. Akasema yeye hakuwa akiionyesha mashine, na kwamba aliniona mimi nikigeuka kutazama. Hakupandisha sauti hata kidogo. Alisaini kurasa zote, ule mmoja akaurudisha mezani bila sahihi, akasema atausubiri, kusubiri amekwisha kuzoea. Niliona haya, Dada. Sijawahi kuona haya namna ile.

Sasa nikwambie. Aliyeonyeshwa ni shemeji, mume wako.

Unakumbuka mwaka jana uliponisimulia amerudi kutoka semina na viatu vimejaa tope jekundu mpaka kwenye kamba, ukauliza semina gani hiyo ya shambani? Tulicheka sote, ukaviosha. Wiki ileile ndiyo ya mpakani. Tarehe nimezilinganisha mara nne, nikitamani zipishane. Naye aliniona nikimtazama pale kwenye benchi. Jioni akanipigia simu, akasema nimekonda, tufuatane Jumamosi nije kupumzika kwenu. Miaka yote niliyoishi kwenu nikisoma hakuwahi kuuliza nimekonda au nimenenepa.

Nampenda, nawe unajua. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, na ndiye aliyenisindikiza kwenye usaili wa kazi hii hii, akanishikia mwavuli mpaka mlangoni. Ndiyo maana niliyaacha tupu. Lakini jana asubuhi niliuomba ule ukurasa, nikaandika cheo chake ndani ya mabano, nikatia herufi zangu, kisha nikaenda kumweleza mhariri kwamba nilimdanganya. Ameniandikia onyo, na ni haki yake. Alasiri yule fundi akaja, akausoma mara mbili, akasaini. Hakunishukuru, nami sikutegemea.

Ukurasa utasomwa mbele ya kamati Ijumaa, milango ikiwa wazi. Shemeji atafika nyumbani kwenu Jumamosi, kama kawaida yake kila mwisho wa wiki. Nimetaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia redioni. Chumba changu kina vitanda viwili, na ukija na watoto huna haja ya kubisha hodi. Ukinikasirikia pia nitaelewa, ila usiache kunijibu.

Mama mpe pole ya mguu, na watoto wabusu mmoja mmoja, asirukwe mtu. Barua zangu zote huwa namalizia kwa kumsalimu shemeji. Leo nimekaa na kalamu juu ya mstari wake, na sikuweza. Nimeuacha wazi hapa chini. Ukishamsikiliza, uujaze wewe.



Mimi mdogo wako,
Kitindamimba