Mafuta ya Rosmari kwenye Kalamu za Nekesa

Dada Nasimiyu,

Nakusalimia kutoka Kitale, kwenye baridi na mahindi ya kuchoma. Binti yako Nekesa ni mzima hapa kwangu, wewe uguza mguu wako tu, lakini mimi bado nimekasirika! Jana shuleni kwao, siku ya kuwaombea watahiniwa, wazazi na walezi tulipanga kalamu mezani ziombewe kama kawaida. Mama mmoja akasimama na chupa ya mafuta ya rosmari. Ati harufu yake inatuliza akili, mtoto asiwazewaze kwenye mtihani. Sikatai, hata mimi nilinusa kichwa kikatulia. Lakini si angewapaka watoto kidogo mkononi? Akazimwagia kalamu zote! Nekesa alipojaribu kuandika jina, kalamu ikamponyoka, karatasi ikalowa, wino ukakataa kutoka. Nikamuuliza yule mama, “Sasa hawa wataandika na pua?” Akanijibu, “Dada, imani yako ni ndogo.” Imani!

Nimemnunulia Nekesa kalamu zingine, kavu. Lakini moja ya zile za mafuta amekataa kuitupa. Anainusa akisoma, ati inanukia kama kile kichaka chako cha rosmari pale mlangoni. Hapo nikamwachia.

Mguu ukipona, kata tawi la kichaka hicho umletee mwenyewe. Anakungoja.

Mdogo wako, Nafula