Mzigo Begani, Mbio Miguuni

Kihesa, Iringa
6 Mei 1956

Mpendwa dada Tupokigwe,

Ugonile? Natumaini homa imekwisha na huko hospitalini wanawapa wauguzi nafasi ya kupumua. Mimi mzima, ila situlii. Tarehe nne Agosti michezo ya Jimbo itakuwa hapo hapo Mbeya, na washindi watapelekwa Dar es Salaam. Yadi mia nakimbia kwa sekunde kumi na moja na nusu. Mwenzangu chuoni, Joachim, ananipita kila mara kwa hatua moja. Hatua moja tu, dada!

Mwalimu wetu wa michezo, Bwana Silvester, anasema mapafu yangu hayana kosa, mapaja ndiyo dhaifu. Amenipa gunia la mchanga: niliweke mabegani, nichuchumae, niinuke, mara nane, nipumzike, nirudie. Siku tatu kwa juma, si zaidi. Wenzangu wananicheka: "Mnyakyusa kabeba mzigo usio na safari."

Msalimie baba ukienda nyumbani.

Mdogo wako,
Lutengano

Mbeya
20 Mei 1956

Mdogo wangu Lutengano,

Homa ilikwisha, ndaga kwa kuniuliza. Baba hajambo. Anauliza kama ulikwenda huko kusomea ualimu au upagazi.

Hebu nieleze. Mtu wa mizigo si huwa mzito? Sisi wanawake tumepanda milima na mikungu ya ndizi tangu utotoni, mbona hakuna aliyetuita wakimbiaji? Nauliza kwa sababu siku hiyo kutakuwa na mbio za wauguzi wa kike, yadi themanini, na Matilda wa wodi ya wazazi ameandika jina langu bila kuniuliza. Nilitaka kulifuta. Sijalifuta bado.

Dada yako,
Tupokigwe

Kihesa
17 Juni 1956

Dada,

Nakusalimu kwa haraka, nina hali njema kidogo na hasira nyingi.

Swali lako nilimsomea mwalimu, akalifurahia. Anasema mlima unamzoeza mtu kwenda mbali polepole. Mkimbiaji anataka kuisukuma ardhi kwa kishindo. Kwa hiyo shuka na mzigo taratibu, inuka haraka. Siku nyingine ruka bila mzigo, kisha kimbia mbio fupi ukiwa umepumzika.

Hutupima hivi: tunapaka chaki kidoleni, tunaruka ukutani. Mwezi Mei niliruka inchi kumi na tisa. Sasa ishirini na mbili. Lakini mbio? Zile zile! Miguu mizito kama ya ng'ombe wa plau. Mwalimu anasema, "Kuruka kumetangulia, kasi itafuata. Nguvu imeingia, miguu haijajua kuitumia."

Itafuata lini? Yamebaki majuma saba. Jumapili, wenzangu wakiwa ibadani, nimeanza kuongeza mawe ndani ya gunia. Usimwambie mtu.

Mdogo wako,
Lutengano

Mbeya
1 Julai 1956

Lutengano,

Salamu baadaye. Yatoe hayo mawe. Kila siku wodini nawafunga bandeji watu waliokuwa na haraka. Magoti yako vipi? Niandikie ukweli.

Mimi nimeanza kuchuchumaa, na debe la maji nimelikumbatia kifuani. Juma la kwanza nilishindwa kushuka ngazi za wodi, Matilda akanishika mkono kama bibi kizee. Sasa nazishuka mbiombio. Jana niliruka nikagusa kizingiti cha mlango wa stoo, ambacho siku zote nilikuwa nakitazama tu. Nikarudia mara nne, mpaka sista mkuu akauliza natafuta nini huko juu.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Tupokigwe

Mbeya
6 Agosti 1956

Mdogo wangu,

Sijui hata nikusalimuje. Julai yote nimeandika, wewe kimya. Jumamosi lori la Iringa lilipofika niliwahesabu wakishuka, mmoja mmoja. Hukuwemo. Nikamkamata Joachim: "Yuko wapi?"

Akatazama chini. "Goti lilimgeuka mazoezini, dada. Alituapisha tusikuambie, usije ukaacha kukimbia."

Kweli nilitaka kuacha. Nilikaa kwenye nyasi nikikusema na kukulilia. Halafu wakaita majina, nikajikuta nimesimama kabla sijaamua.

Nilianza vibaya. Katikati nilikuwa wa nne. Ndipo nikasikia ardhi inanisukuma, Lutengano! Kila nilipokanyaga, ilinirudisha juu. Nilishinda kwa upana wa kifua. Baba alikuja na mwavuli wake, akapiga yowe mpaka wazee wenzake wakamtazama. Oktoba nakwenda Dar es Salaam. Joachim alikuwa wa pili katika yadi mia.

Usinifiche tena.

Dada yako,
Tupokigwe

Kihesa
9 Septemba 1956

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara moja, nikaifungia sandukuni mwezi mzima. Nilifurahi, na niliona wivu, na wivu ndio uliozidi. Nisamehe.

Goti lilivimba kama chungu. Daktari amenikataza kukimbia mwaka huu. Habari ya mawe nilimwambia Mwalimu Silvester mwenyewe. Nilingoja anigombeze. Badala yake akasema, "Katika umri wako mimi ningeongeza mawe mawili zaidi." Anakuagiza hivi: juma la mwisho kabla ya Dar es Salaam, debe usiliguse kabisa. Pumzika.

Jana aliniruhusu kuchuchumaa mikono mitupu, mara tano. Ya kwanza goti lilitetemeka. Ya tano halikutetemeka. Uwanjani Joachim alikuwa anakimbia, vumbi linamfuata nyuma. Niliitaka ya sita, dada. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Nikakaa chini.

Mdogo wako,
Lutengano