Nani Atambariki Ayuma?

Baba Ayuma,

Sijui kama habari zinafika huko uliko, kwa hivyo naandika. Tangu tukulaze hapa mbele ya nyumba nimekuwa nikikuongelesha tu nikifagia. Lakini hii ya leo ni nzito. Nikiisema kwa mdomo nitalia, na majirani watakuja mbio kuuliza nani amekufa tena.

Ayuma wetu amesimama. Anataka kiti cha wadi. Huyo huyo uliyemfundisha baiskeli akaingia nayo kwenye miwa ya watu. Sasa anafundisha vijana kuchomelea vyuma pale chuo cha Sigalagala, wanaume wazima wenye ndevu wanamwita mwalimu, na mimi nikienda sokoni natembea polepole ili watu wapate nafasi ya kuniuliza habari zake. Usinicheke. Uliniambianga, "Mama Ayuma, punguza, hata ng'ombe wamechoka na sifa za mtoto wako." Wewe ulikuwa mtu wa kunyamaza, basi nikasifu kwa niaba yetu wawili. Kosa liko wapi?

Ilianza na yale mafunzo ya akina mama wanaotaka kuongoza, Kakamega mjini, katika ukumbi wa kanisa. Wakafundishwa kushika maikrofoni, kuomba kura, kusoma sheria. Siku ya mwisho tukaalikwa wazazi. Ayuma akasimama kuhutubia, mara wenzake wakaanza kumtukana: rudi jikoni! Mume amekushinda, wadi utaiweza? Mungu wangu. Nilivua kiatu. Nilikuwa nimeshafika safu ya mbele ndipo mwalimu wao akanishika mkono. "Mama, keti, hili ni zoezi. Anafundishwa kutotetemeka." Ukumbi mzima ukacheka. Na Ayuma alimaliza hotuba yake yote, mama yake amesimama pale na kiatu mkononi. Siku hiyo nilijua nimezaa kiongozi.

Sasa mradi wenyewe umefungwa. Waliokuwa wakiutegemeza wameacha, na pale palipokuwa ofisi yao kunauzwa magodoro. Mwalimu yule alipiga simu kuaga, akashindwa kumaliza. Matusi yamebaki, ila sasa ni ya kweli, na hakuna mtu wa kuniambia niketi.

Hayo tungeyameza. Kinachoniua ni hapa nyumbani. Unajua kwetu mtu haendi kuomba watu kabla hajatolewa na kwao. Baba anajaza maji kinywani, anamtemea mtoto kifuani mbele ya ukoo, anasema nenda, hawa ni watu wako. Bila hiyo wataulizana, kama kwao wamemkataa, sisi tumtakie nini? Wewe hupo. Anayefuata ni Shikanga, mdogo wako. Nilimchinjia ingokho, kuku mzima, nikasonga obusuma, ugali wa kushiba, nikapiga magoti. Mimi! Akala akamaliza, akanawa, akasema, "Shemeji, Ayuma aliolewa Lugari. Akaombe baraka huko."

Na huko Lugari wakwe zake wameshamwambia yeye ni mtu wa kuja, arudi kwao. Basi mtoto wa kike kwao ni wapi, barabarani?

Nilimuuliza Shikanga hivyo hivyo. Akasema, "Tangu lini kuku jike akawika kwenye boma letu?" Nikamwambia, "Na nyinyi majogoo mlitoka kwenye mayai ya nani?" Mdomo wangu unaujua. Akakunja uso. Akasema nikithubutu kumbariki mwenyewe, nitafute boma lingine, kwa sababu mke hana maji ya baraka, mke amekuja tu.

Nimekuja tu, Baba Ayuma. Nimezaa hapa, nimezika hapa, nimekuja tu.

Jana Ayuma alikaa kando ya kaburi lako, chakula hakugusa. Ukoo unakutana Jumamosi. Akikosa mtu wa kumbariki, Jumatatu anajitoa. "Mama, nimechoka kuwa mtu wa kwingine." Na mimi ndiye mwenye majibu ya kijiji kizima. Nilimshika mgongo tu, kama alipokuwa na surua.

Nimekuomba ndoto. Mama Finike jirani anamwotanga mumewe kila wiki, na hakuwa hata mume wa maana. Wewe kimya. Nimebisha hapa kaburini kama mtu anayebisha mlango. Nisaidie. Niambie neno moja.

Husemi. Basi nimeamua bila wewe. Jumamosi watu wakishaketi, nitajaza maji kinywani, mimi wa darasa la saba, nimtemee mtoto wangu kifuani mbele yao wote. Naogopa. Shikanga hatanii, na wazee wako upande wake. Sufuria zangu sina shida, sufuria zinabebeka. Ila anayefukuzwa bomani hazikwi bomani. Nafasi yangu hapa kando yako, ile uliyonionyesha kwa fimbo ukiwa mzima, wataninyima.

Nafasi hiyo ikikaa wazi miaka na miaka, usiseme Mama Ayuma alikuacha. Jua kulikuwa na mtoto wa kutoa.

Kwaheri, mume wangu. Nakuahidi nitambariki, na jina lako nitalitaja kwanza.

Ni mimi mkeo,
Mama Ayuma