Shimo Nyuma ya Nyumba

Butiama, 3 Machi 2024

Mwanangu Agness,

Habari za Bunda na kazi? Sisi tupo, ila kifua cha mama yako hakijatulia, usiku anakaa tu kitandani, hawezi kulala.

Nakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa watu: lile shimo mlilochimba na wenzako wa mambo ya kale nyuma ya nyumba nimelifukia. Mliliacha wazi mkaondoka, na shimo wazi nyumbani linaitaga mtu wa kuzikwa. Mgonjwa ndani, shimo nje, ningelala vipi?

Baba yako, Hezron

Bunda, 6 Machi 2024

Baba, shikamoo. Mama anakula?

Naandika kwa sababu kwenye simu ningekufokea. Tulibakiza kuchukua mkaa tu. Mkaa wa tabaka la chini ungetuambia watu wa kale walianza lini kuishi hapo, wa juu ungetuambia walirudi lini baada ya kuhama. Umechanganya yote kama kande, maabara haitaupokea. Bila miaka hiyo ya kuonyesha kuwa ni mahali pa kale pa kulindwa, wakubwa wa mkoa Musoma watawapa wapasua kokoto kilima chote, na nyumba yako iko juu yake. Nimeumia sana, baba.

Mwanao Agness

Butiama, 9 Machi 2024

Marahaba. Leo amekunywa uji.

Kilima nakipenda, lakini mke ninaye mmoja. Silifukui.

Baba yako

Butiama, 24 Machi 2024

Agness mwanangu, pole. Nami nipe pole.

Shangazi yako Dorkas ameshakupigia, najua uko njiani. Kijana wa jirani, Evance, atakupokea stendi ya Kiabakari na barua hii, maana ukifika nitashindwa kusema. Barua yangu hukuijibu, na mama yako alikuwa anakuulizia. Nilimwambia una kazi nyingi.

Asubuhi vijana walianza kaburi pale alipokuwaga analima mihogo. Walipofika kiunoni nikaona ubavuni mwa shimo jivu, mkaa na vigae, chini yake udongo mtupu, halafu jivu na mkaa tena, kama ulivyonionyesha kwenye shimo lenu. Nikawaambia watoke. Kaburi tumelihamishia karibu na zizi.

Wazee wamegomba, eti kaburi lililoanzwa haliachwi wazi. Mdogo wangu Amos akasema, "Litaita mwingine."

Nikamjibu, "Lile la kwanza nililifukia, na bado ameondoka."

Nimelifunika mabati, nimeketi hapa mbuzi wasiingie. Tumzike kwanza mama yako, kisha uchukue mkaa wako. Mimi nitakushikia mifuko.

Baba yako