Magari Matatu kwa Saa Nzima

Shoga, nimetoka halmashauri sasa hivi, na hasira zangu.

Si unalijua lile ghorofa la ofisi wanalotaka kujenga mtaani kwetu? Leo walikuwa wanajadili foleni na maegesho. Mhandisi wa hao wajenzi kasimama bila haya: "Mtaa huu hauna magari. Tulihesabu matatu tu kwa saa nzima."

Matatu! Mtaa ambao kutoa gari getini ni vita!

Akaonyesha picha ya siku hiyo. Nikaona turubai letu. Nikaona viti. Mama akanishika mkono.

Walihesabu siku ya msiba wetu, shoga! Barabara tuliifunga wenyewe, yakapita magari ya msiba tu!

Nikasimama nikamwambia, "Gari la kwanza kwenye hesabu yako lilimbeba baba yangu."