Mbeta za Mzee Luka

Kamwene, mjukuu wangu Atu. Sisi huku Igowole tu wazima. Bibi yako anakohoa kidogo lakini mdomo wake hauumwi. Barua hii nimeiandika mwenyewe, mwalimu alitaka kuniandikia, nimemkatalia.

Unasema huko Mbeya kila mtu anasema lake, sasa utajuaje lililo jema? Miaka ya hamsini ilikuwa hivyo hivyo. Huyu anasema Wazungu wanaondoka, yule anasema hawaendi popote. Mimi nilikuwa najigamba tu kwamba hakuna anayegema ulanzi, hii pombe yetu ya mwanzi, kunishinda. Kumbe mianzi yangu ilikuwa haitoi kitu, na kila alfajiri nilimimina ulanzi wa jirani yetu, Mzee Luka, kutoka kwenye mbeta zake, vile vikombe vya mwanzi.

Asubuhi moja nikamkuta kwenye mianzi yangu, ameshika kisu. Nikajua leo naumbuka.

"Wewe unakata kama unachinja ng'ombe," akasema. "Chipukizi linakatwa kidogo kidogo. Njoo uone, mwizi wangu."

Akanifundisha, na hakumwambia mtu.

Ulanzi wangu ukawa mtamu kweli. Kilabuni wakauliza, "Kijana, umejifunza wapi?" Mzee Luka yupo pale, anakunywa. Unanijua, kusifiwa napenda. Lakini nikasimama nikasema, "Nilikuwa namwibia huyu mzee, naye akanifundisha."

Walinicheka sana. Mzee Luka akasogea kwenye benchi kunipa nafasi, nikakaa.

Mambo ya Wazungu sikuyajua mpaka yalipotokea. Hili nililijua pale pale kuwa ni jema.

Babu yako asiyeshindwa,
Tobiasi