Naanika Betri Juani, Sasa Shemeji Anaitaka Mashine

Shangazi Prisila, shikamoo. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana nikimwambia mtu wa hapa Mpanda kesho mji mzima utajua. Mimi ni mjane, naishi Majengo na watoto wangu, na kinachotulisha ni mashine ya kuchaji betri aliyoniachia mume wangu, baba Sikujua, pamoja na jenereta yake, watu wanaleta betri za redio na za taa kutoka Kasokola na Magamba, mwingine kwa baiskeli, mwingine kichwani, na kesho yake wanakuja kuzichukua.

Marehemu alinifundisha kazi hii mwenyewe. Alisema kabla hujagusa kile kitufe chenye mshale cha kuongeza umeme soma kwanza namba za ubavuni mwa betri, kubwa inakula umeme mwingi na ndogo inakula kidogo, halafu isikilize jenereta, ikianza kuguna rudisha mshale nyuma, yaani kati ya betri na jenereta unamfuata yule mnyonge, ukimfuata mwenye nguvu utawaua wote wawili. Ndivyo ninavyofanya, polepole, na betri inajaa ikiwa na uvuguvugu tu, mwenyewe akija asubuhi anaikuta imeshapoa.

Tatizo Shangazi ni mikono ya watu. Huku kwetu mtu akifuata betri yake haulizi kitu, anaipapasa, ikiwa ya moto anasema imeshiba, ikiwa ya baridi anasema ameibiwa. Pale sokoni kuna mwenzangu anazungusha kitufe mpaka mwisho, betri zinachemka, na wateja wangu wakaanza kuhamia kwake. Siku moja mzee Masunga, mfugaji wa Kasokola, akaipapasa yake akasema mbele za watu, "Mama Sikujua, hii umeichaji au umeilaza tu? Mbona ya baridi kama mtungi?" Watu wakacheka, nikaumia sana.

Basi nikafanya jambo. Betri zilizokwisha kujaa nikazitoa nyuma ya nyumba nikazianika juani kama mahindi, na kwa jua la huku hazikukawia kupata moto. Mzee Masunga aliporudi akaipapasa yake akafurahi, "Ee! Leo ndiyo umechaji, mama!" Akanisifia njia nzima, wateja wakarudi, na mimi nikaendelea kuanika.

Sifa hizo zikamfikia shemeji yangu Abednego, mdogo wa marehemu, akaja akasema, "Shemeji, si umeona watu wanataka moto? Zungusha mpaka mwisho, zitoke nyingi kwa siku. Kama unaogopa, mashine ni ya kaka yangu, nitaiendesha mwenyewe." Ameitisha kikao cha ukoo baada ya Krismasi. Nikisema kweli wateja wataniita tapeli, nikinyamaza shemeji ataichukua mashine na ushahidi wake ni uongo wangu mimi, na najua ataiua pamoja na betri za watu. Sitaki kulia Shangazi, nimeshalia vya kutosha, na mashine haitoki kwangu. Niambie tu nianzie wapi.

Mama Sikujua, Majengo, Mpanda

Marahaba, Mama Sikujua. Pole kwa kufiwa, na hongera kwa kushika kazi ya mwenzio badala ya kuiuza. Sasa kaa nikuseme.

Betri uliichaji vizuri, kwa nini ukaivika uongo? Wateja waliamini joto ndiyo chaji, na wewe unayejua kuwa si kweli ukawapigia muhuri. Njia ya mwongo ni fupi, mama, na yako imeishia mlangoni kwa shemeji. Tena jua hilo hilo linaziharibu betri za watu. Koma leo.

Usingoje mzee Masunga aje. Nenda Kasokola mwenyewe, umwambie kwamba siku ile aliyokusifia alipapasa jua. Atakufokea. Mwache afoke, ni haki yake. Akimaliza, muulize betri yake imedumu miaka mingapi mikononi mwako, na majirani zake wanaokwenda kwa yule wa sokoni wamebadilisha zao mara ngapi. Mfugaji anajua ng'ombe aliyelishwa vizuri kwa kumtazama akitembea, hamgusi ngozi kuona kama ana joto. Atakuelewa.

Halafu tafuta taa ya mbele ya gari. Kila mteja akija, iwashe kwa betri yake mbele ya macho yake, iwake muda wa kutosha aone haififii. Ifanyie mbali na betri zinazochajiwa, maana zikichemka hutoa hewa inayoweza kulipuka kwa cheche moja. Taa ikiwaka, mwambie aipapase betri yake, asikie ilivyopoa. Hapo ndipo umweleze kwamba ya moto imechemshwa, maji yake yanakauka na vyuma vya ndani vinapinda. Wachache watakukimbia. Waache, watarudi na betri zilizokufa.

Kuhusu shemeji, usiende kwenye kikao na machozi. Chukua cheti chako cha ndoa na cheti cha kifo cha marehemu uende Mahakama ya Mwanzo ufungue mirathi kabla ya Krismasi, umwombe na padri au mchungaji wako aje akae nawe siku ya kikao. Mzee Masunga naye mwombe aje, kama atakuwa amekusamehe, na nadhani atakuwa amekusamehe.

Pale kikaoni, mwekee Abednego betri kubwa na betri ndogo, umwombe kwa heshima aseme mshale atauweka wapi kwa kila moja, na kwa nini. Marehemu alikuachia mashine na akakuachia ujuzi wa kuiendesha. Shemeji anadai mashine peke yake, kwa sababu hicho kingine hajui hata kama kipo.

Akimaliza kujibu, washa ile taa kwa betri uliyoichaji wewe. Kisha waombe wote waipapase betri ilivyo baridi, na aanze yeye.